Kozi ya "kuondoa lafudhi": kwenye sauti wako vizuri, kwengine wanakosea sana

Nimemaliza wiki 8 za kozi ya mtandaoni ya kurekebisha lafudhi ya Kiingereza. Jina la kampuni naliacha maana kozi za namna hii zinafanana mno. Mi kazi yangu ni kupokea simu za wateja na nilishachoka kuulizwa "umesemaje?" mara tatu kwa sentensi moja, ndo nikalipia.

Nianze na sifa maana wanastahili. Unarekodi sentensi, skrini inakuonyesha wimbi la sauti yako juu na la mwalimu chini, unaona kabisa neno gani umelikaza pasipotakiwa. Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho miaka yote ya shule sikuambiwa, Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kwa kila neno, kiTAbu, kitaBUni, sasa ukienda na mazoea hayo kwenye Kiingereza ambacho mkazo wake unahamahama anayekusikiliza anapotea hata kama kila herufi umeitamka sawa. Kumbe shida haikuwa ulimi mzito. Wiki ya 3 tu wateja walianza kunipata mara moja, na kwa hilo nawashukuru sana.

Shida ni vile wanavyoiita lafudhi yako. Kila somo ni "kosa", "safisha", "ondoa", alafu mwisho unapewa asilimia ya lafudhi "iliyobaki" na lengo ni ifike sifuri, kama doa kwenye shati. Wiki ya 5 wanakwambia uongee hivyo hivyo hadi nyumbani na familia, muda wote, ili mdomo uzoee. Nikatii. Nikampigia mama, nikaongea naye Kiswahili kama kawaida, akanyamaza kidogo akaniuliza, "Uko na watu hapo?" Nikamwambia niko peke yangu mama. "Sasa mbona unaongea na mimi kama niko kwenye foleni?" Usiku nikajirekodi nikisema "habari za nyumbani", nikasikia ile r imepinda na sauti inapanda mwishoni kama nauliza swali. Niliumia kwa kweli.

Lafudhi ndiyo watu wako wanayokutambulia, na wasio wako pia. Kwenye Biblia, Waamuzi 12, Wagileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani wakimwambia kila anayepita aseme Shibolethi, aliyesema Sibolethi alijulikana ni Mwefraimu, adui yao, na akauawa, wanahesabiwa 42,000. Kwa sauti moja tu! Na hata sisi wenyewe kwa wenyewe, mtu akisema "zambi" badala ya "dhambi" au akichanganya r na l watu wanamcheka kabla hajamaliza alichotaka kusema, tuache jamani.

Alafu kuna utafiti wa William Labov, mtaalamu wa lugha, wa 1963, kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, wageni wa likizo walikuwa wengi na wenyeji wanaona kisiwa kinawatoka mikononi. Aligundua waliokuwa wanakipenda kisiwa na kutaka kubaki ndo walikuwa na matamshi ya kienyeji mazito zaidi, hata vijana, na wale waliowaza kuhama matamshi hayo yalikuwa hafifu kwao. Hawa wa matamshi mazito hawakuwa wameshindwa kuongea "safi". Walikuwa wanasema sisi ni wa hapa. Sasa mtu kama huyo programu hii ingempa alama za chini.

Kubadilisha sauti kwenye simu ya kazi siyo dhambi, kila mtu anaongea tofauti na bosi, na mtoto, na rafiki wa utotoni. Kozi ingefundisha hivyo, kwamba unaongeza mlango mwingine na ule wa kwanza unabaki wazi, ningeipa nyota zote. Niliwaandikia waitoe ile asilimia, wakajibu ndivyo mfumo ulivyo.

Nawapa 3 kati ya 5. Kama unaeleweka kwa shida kazini ichukue, wiki 4 za mwanzo zinatosha, zoezi la mkazo rudia kila siku. Ya 5 iruke kabisa na ile namba ya mwisho usiiangalie.