Kibali cha kazi katika Football Manager: klabu ya Uingereza au ya Ubelgiji?

Anayefundisha klabu ya Uingereza katika Football Manager, mchezo wa kompyuta wa kuongoza klabu ya soka, hukumbana na utaratibu ulioanza Januari 2021, baada ya nchi hiyo kujitoa katika Umoja wa Ulaya, unaomtaka mchezaji wa kigeni afikishe alama 15 ili apate kibali cha kazi. Alama hizo hutokana na dakika alizocheza, ubora wa ligi anayotoka, mashindano ya bara na, zaidi ya yote, mechi alizoichezea timu ya taifa iliyomo katika nafasi 50 za juu za FIFA. Hapo ndipo mshambuliaji wa Tanzania anapokwama: hata akifunga kila wiki katika Ligi Kuu ya nyumbani, timu yake ya taifa haimwongezei alama. Tangu 2023 klabu za madaraja mawili ya juu zinaweza kusajili hadi wachezaji wanne wasiofikisha alama, kutegemea dakika wanazopewa Waingereza, lakini nafasi hizo ni adimu mno kuzichezea kamari.

Ubelgiji haina hesabu hiyo. Inachodai ni mshahara wa kima cha chini kwa wachezaji wa nje ya Umoja wa Ulaya, ambao kwa klabu ndogo ni mzigo kweli. Hata hivyo, kwa kocha mwenye subira ningeichagua bila kusita. Mshambuliaji wa Tanzania Mbwana Samatta alijiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, akatua Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, na njia hiyo inafaa mchezoni pia, kwa kuwa dakika za ligi ya Ubelgiji zina uzito mkubwa zaidi mchezaji anapoombewa kibali Uingereza.