Trampolini uani kwangu Tabora: mwaka mmoja na hogo moja

Nianze na ngazi, maana ndiyo sehemu pekee ya trampolini yetu, kile kitambaa cha springi cha watoto kurukia, inayolala chumbani kwangu, nyuma ya mlango. Kila jioni naichomoa naiingiza ndani, na watoto wakiiona inapita wanajua biashara imefungwa.

Tuliinunua Julai mwaka jana. Futi 10, milioni moja na laki mbili, ikatoka Dar kwa basi ndani ya maboksi mawili. Mume wangu na fundi mmoja wa kuchomelea wa hapa Isevya waliifunga siku nzima. Springi ziko 60, na kila moja inavutwa kwa ndoano mpaka viganja vinawaka moto. Ukifunga yako, usianze upande mmoja ukazunguka nayo. Funga moja huku, nyingine upande wa pili, la sivyo za mwisho hazitafika kwenye fremu. Fundi alilijua hilo baada ya springi ishirini na kitu, akafungua zote, kisha akaongeza bei.

Fremu ni imara, sina neno. Kitambaa cha kurukia bado kizima. Sponji za kufunika springi ndizo aibu: jua letu la Septemba na Oktoba lilizikausha zikawa zinameguka kama chapati ya juzi, na mvua za Novemba zinaanza springi zilikuwa wazi sehemu tatu. Muuzaji nilipomwandikia alinijibu kwamba garantii haihusu jua. Haya. Nimeshona vifuniko vingine kwa turubai la lori na godoro kuukuu, na ni bora kuliko vya dukani.

Kitambaa chenyewe ni cheusi, saa saba mchana hakigusiki kwa mguu mtupu. Ndiyo maana mwanzoni tuliiweka chini ya mwembe. Mama mkwe alipokuja hata hakukaa, alitazama juu akasema, "Mkwe wangu, mtoto akipanda huko, na hilo tawi si linamngoja?" Tukaihamisha siku hiyohiyo. Desemba nilimshukuru kwa jambo jingine pia, maana maembe yaliyoiva yakipasukia kwenye kitambaa kile yanateleza kuliko sabuni.

Tulilipa zaidi kwa ajili ya wavu. Hofu yangu yote ilikuwa mtoto kurushwa nje akaangukia kwenye sakafu ya saruji, na wavu ukanipa usingizi. Kwa hiyo ikifika saa kumi nilikuwa nawaachia. Nina watoto watatu, lakini uani kwangu kuna watoto wa mtaa mzima, na huku kwetu humwambii mtoto wa jirani kwamba hapa si kwenu. Siku moja nilihesabu ndala chini ya ngazi: pea kumi na moja.

Januari binamu yao wa miaka 11 alikuja kutoka Urambo. Nilikuwa nachambua mchele hatua chache tu kutoka pale, nawaona vizuri. Yeye anaruka, na binti yangu mdogo wa miaka minne anaruka. Hakuna aliyeanguka nje, hakuna aliyemgonga mwenzake. Mkubwa alitua, kitambaa kikashuka naye, na kilipokuwa kinarudi juu ndipo yule mdogo alipokuwa anashuka. Mguu wake na kitambaa vikakutana. Akakaa chini, akalia kidogo, akanyamaza. Ila kusimama hataki. Nikadhani ni kudeka. Jioni nikaona uvimbe chini ya goti.

Hospitalini daktari aliitazama picha, na wala hakuuliza kama mtoto alianguka. Aliuliza, "Alikuwa anaruka na mkubwa?"

Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa, karibu kabisa na goti. Akafungwa hogo, ile plasta ngumu, wiki nne. Daktari alinieleza kwa kupiga ngumi kwenye kiganja kinachopanda: uzito wa mkubwa unakivuta kitambaa, kitambaa kinamrudishia nguvu yule mwepesi, na mfupa wa mtoto mdogo hauwezi kuipokea. Wavu hapo hauna kazi. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, kilitoa tamko mwaka 2012 kikisema wazi kwamba hakishauri trampolini za nyumbani. Humo wameandika kuwa karibu robo tatu ya majeraha hutokea watu zaidi ya mmoja wanaporuka pamoja, na kwamba yule mdogo zaidi anaweza kuwa na hatari ya kuumia hadi mara 14 kuliko mwenzake mzito. Tena hata kwenye Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, wale mabingwa wanaruka mmoja mmoja.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeambiwa. Karatasi ya maelezo niliwashia mkaa, sawa, lakini kuna kibandiko kimeshonwa kwenye wavu, pembeni ya zipu: watoto wawili, msalaba mwekundu juu yao, na chini namba 6. Nilikipita kila siku.

Sasa ni mmoja mmoja. Chini ya miaka sita hapandi. Samasoti marufuku, maana akishukia shingo hakuna hogo ya hapo. Na lazima mtu mzima awe amekaa pale, ndiyo maana inafanya kazi saa moja tu kwa siku, saa kumi mpaka kumi na moja. Nyota natoa tatu, moja kati ya hizo ni ya fundi. Kama hiyo saa moja huna, nunua mpira.

Zamu ni miruko hamsini, na foleni ndiyo inayohesabu. Ugomvi uko hapo, maana wanaosubiri wanahesabu kama wanafukuzwa na nyuki. Mhesabuji mkuu ni yule yule wa hogo, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kaka yake akiwa juu anahesabu taratibu, namba moja baada ya nyingine. Akipanda wa jirani, akifika ishirini na tisa anarukia hamsini.