Mashine ya kukausha hewa katika depo yetu ya dawa Kampemba, baada ya msimu mmoja wa mvua

Januari ya mwaka juzi nilifungua kopo la aspirini katika depo yetu hapa Kampemba, Lubumbashi, harufu ya siki ikanipanda puani. Aspirini ikinywa unyevu huvunjika, na kitu kimoja inachokitoa ni asidi ileile ya siki. Pakiti za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa mtu anayeharisha, nazo zilikuwa zimeganda kama mawe. Tulitupa makatoni kumi na moja. Dawa ambayo mtu angempa mgonjwa wake! Na wakati huo klima mbili, yaani viyoyozi, zilikuwa zinanguruma usiku na mchana, zimewekwa digrii 18.

Fundi aliniambia: «Mama, hizi klima si mbovu. Zinakausha hewa pale tu zinapopoza.» Nilihitaji muda kumwelewa. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua inanyesha lakini joto letu si kali, maana mji uko juu, zaidi ya mita 1,200. Chumba kikishapoa, kompresa inanyamaza na unyevu unabaki ulipo. Ndiyo sababu tulikuwa tunashusha hadi 18: tulinunua baridi kali ili tupate ukavu kidogo, ilhali dawa zetu nyingi zinaomba tu zisizidi digrii 25 au 30.

Mashine tuliyonunua inafanya kazi ya kukausha peke yake. Ndani yake mna gurudumu lenye vitundu kama sega la nyuki, limepakwa silika jeli, ileile ya vifuko vidogo unavyovikuta katika kopo la vidonge. Linazunguka polepole sana. Hewa ya depo inapita upande mmoja na kuacha maji yake humo. Upande mwingine hewa ya moto inayafukuza maji hayo hadi nje kwa bomba. Hewa inayorudi chumbani ni kavu, lakini ina joto kuliko ilivyoingia, kwa hiyo klima haiepukiki. Tofauti ni kwamba sasa inapoza tu. Tumeiweka digrii 24, na ya pili tumeizima.

Wanaouza hawasemi wazi kwamba ile hewa ya moto ina gharama. Wiki tatu za kwanza tuliipasha kwa umeme, na mita yetu ilishuka kutoka kilowati-saa 41 kwa siku hadi 37. Kwa bei ya mashine ile, nilikasirika. Fundi ndiye aliyependekeza paneli za maji ya moto juu ya paa: maji ya digrii 60 na kitu yanapita kwenye koili na kupasha hewa kwanza, umeme unamalizia. Tukafika 28. Siku za mawingu mazito tunarudi karibu na 35, na siku hizo ndizo zenye unyevu mwingi. Kwa hiyo ukiambiwa jua litafanya kazi yote, usikubali.

Kosa lilikuwapo pia. Waliotufungia waliishia na bomba la hewa ya mvuke ndani ya dari, hawakulitoa nje. Siku ya nne mbao za dari zilikuwa zinatoa jasho. Nililazimika kulipia bomba refu mara ya pili, na hilo bado linaniuma. Kagua bomba lako mwenyewe kabla ya kulipa.

Mwezi wa tano hadi wa tisa tunaizima mashine kabisa, hewa yetu ni kavu yenyewe. Ila funika gurudumu na usafishe kichujio, kwa sababu vumbi jekundu la hapa litaziba vitundu vyote.

Kwa nyumba ya kuishi sioni haja yake. Kwa depo ya dawa, mbegu au karatasi, ningeinunua tena, lakini pamoja na paneli tangu siku ya kwanza, na mpira mpya wa mlango.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote nilikigundua usiku wa delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme ulikatika saa mbili usiku, tukafunga mlango, hatukuwasha jenereta. Zamani chumba chenye baridi kikianza kupata joto hivi, makatoni yalikuwa yanalowa. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuta joto limepanda hadi 26, na kipimo cha unyevu, tulichokiacha kwenye asilimia 51, kikisoma 56.