Delos au Akrotiri, uanze na ipi?

Kama ndo mara yako ya kwanza visiwa vya Ugiriki na una siku moja tu ya magofu, mi nakwambia nenda Delos. Unapanda boti kisiwa jirani cha Mykonos, kama nusu saa hivi ushafika, kisiwa kizima ni magofu na hakuna kulala huko, jioni wote mnarudi. Kuna wale simba wa marmari wamekaa kwa mstari midomo wazi (waliopo nje ni nakala, wenyewe wako ndani ya makumbusho), halafu nyumba za matajiri, sakafu zimepambwa kwa vijiwe vidogovidogo vya rangi, we inama uangalie moja moja. Ila kivuli hakuna kabisa, beba maji na kofia.

Akrotiri kule kisiwa cha Santorini ni mji uliofukiwa na majivu ya volkano miaka kama 3,600 iliyopita, nyumba za ghorofa, mitungi mikubwa bado imesimama, na juu kuna paa kwahiyo ukiwa na wazee au watoto bora huku. Michoro ya ukutani lakini ishahamishwa makumbusho, Athens na Fira (mji mkuu wa Santorini).