Nguchiro na kicheche wanaochimba bandani: ununue nini, uache nini

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba waya wa banda, mara nyingi utapewa waya wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita. Huo kazi yake ni kuzuia kuku wasitoke. Nyuzi zake ni nyembamba na zimesokotwa tu; mbwa akikata mmoja, tundu linafumuka, na ukiuzika ardhini kutu inaumaliza mapema. Kama fedha ni chache uweke sehemu ya juu ya ukuta. Chini, ambako nguchiro, kicheche na mbwa wa mtaani huanzia, fedha iende kwenye mojawapo ya njia nne zifuatazo, tulizozipanga kuanzia iliyo bora. Hesabu zilizopo hapa ni za banda la mita 4 kwa 3.

Namba 1: wayameshi iliyochomelewa, ikalazwa chini

Mnyama anayechimba huanzia pale pale ukuta unapokutana na ardhi. Akigonga waya huhamia pembeni kidogo, akajaribu tena penye ukuta. Ni nadra arudi nyuma hatua nzima aanze kuchimba mbali. Ndiyo maana waya uliolazwa kuelekea nje hushinda uliozikwa wima, tena haudai mtaro.

Chukua tundu la nusu inchi, geji 19 au nene zaidi. Angalia vizuri: namba ya geji ikipanda, waya unakonda. Tundu la inchi 1 la geji 16 linamzuia mbwa na nguchiro mkubwa, ila panya atapita.

Kabla ya kulipa, kagua maungio. Waya uliopakwa zinki baada ya kuchomelewa una vijitone vya zinki vilivyofunika kila ungio. Ukiona doa la kahawia au jeusi mahali pa kuchomea, zinki ilitangulia na kutu itaanzia hapo. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kwenye hewa ya chumvi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua waya utadumu kiasi gani.

Roli la upana wa sentimita 90 linatosha: kunja sentimita 30 zipande ukutani, 60 zilale nje. Mzunguko ni mita 14, lakini pembe hula waya; nunua mita 18 uweze kupandishia maungio sentimita 10. Kwenye kona ndiko mafundi wengi hubakiza pengo, kwa hiyo refusha kipande cha upande mmoja kifunike kona nzima. Ukingo wa nje ushikwe na vigingi vya chuma cha milimita 6, urefu sentimita 40, kichwa kimekunjwa, kila nusu mita: vigingi 38, yaani chuma mita 15 na ushee. Penye mchanga vigingi havishiki, panga mawe juu. Ukutani pigilia waya upande wa nje wa nguzo, juu yake ukandamize kwa ubao wa inchi 1 kwa 2. Waya ukiwa upande wa ndani, mnyama akisukuma anang'oa misumari.

Namba 2: msingi wa zege

Una nguvu kuliko vyote, na kama kwenu kuna nyegere usihangaike na kingine. Umeshuka nafasi kwa sababu ya gharama, na hauhamishiki. Mtaro wa kina cha sentimita 40 na upana wa 15 unataka zege karibu mita 0.85 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 4 hivi ya saruji. Kwenye nyumba ya kupanga, achana nao.

Namba 3: wayameshi iliyozikwa wima

Ni kwa uchochoro ambao hauna nafasi ya kulaza. Zika sentimita 45, kisha kunja 15 za mwisho kuelekea nje. Udongo unyevu huula haraka.

Namba 4: mabati chakavu

Ni rahisi kupata, lakini kingo zinakata miguu ya watoto, na yakitoboka chini ya udongo hutajua.

Chupa zilizovunjwa na miiba hatukuzipa nafasi.

Mlangoni waya hukatika, kwa hiyo tenga mfuko mmoja wa saruji umwage kizingiti cha kina cha sentimita 30, mlango ukifungwa ubakize mwanya usiozidi sentimita 1. Nguchiro mdogo anapenya kwenye sentimita 5.