Utarajali wa Utafiti wa Sera za Umma: Tathmini ya Mwanafunzi Aliyeumaliza

Taasisi za utafiti wa sera hutangaza kila mwaka nafasi za utarajali wa likizo ya kiangazi kwa wanafunzi wa uchumi, takwimu, sayansi ya siasa na sosholojia, na matangazo mengi huahidi kwamba mwanafunzi ataona kwa karibu namna maamuzi ya serikali yanavyofikiwa. Nimemaliza utarajali wa aina hiyo hivi karibuni. Tathmini yangu ni kwamba ulistahili muda na juhudi nilizoutolea, lakini kwa sababu ambayo tangazo halikuitaja kabisa: nilijifunza jinsi hoja ambayo kiongozi ataisoma kwa dakika chache inavyotegemea kazi ndefu ya kuhakiki takwimu, na jinsi inavyoporomoka pale ambapo kazi hiyo haikufanywa.

Sehemu kubwa ya muda ilikwenda katika kusafisha data za utafiti wa kaya. Anayetarajia mijadala mikubwa kuanzia siku ya kwanza atachoka upesi. Jina la eneo moja limeandikwa kwa tahajia tofauti, kaya moja imeingizwa mara mbili, na mhojiwa ana umri wa miaka 999 kwa kuwa namba hiyo ilitumika kuonyesha kwamba jibu halikupatikana. Asipoondolewa mtu huyo, wastani wa umri wa kundi zima unapanda na kila hesabu inayofuata inabeba kosa hilo. Kila badiliko lilipaswa kuandikwa katika faili la amri za programu ya takwimu, ili mtu mwingine aweze kuanza na data ghafi na kufika mahali pale pale. Msimamizi wangu hakukubali hata seli moja irekebishwe kwa mkono, na naamini alikuwa na haki kabisa.

Jambo bora zaidi katika programu nzima lilikuwa zoezi la kurudia majedwali ya tafiti zilizokwisha kuchapishwa kabla ya mtarajali kuruhusiwa kuchambua chochote cha kwake. Tuliotilia shaka umuhimu wa zoezi hilo tulikumbushwa kisa cha Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst nchini Marekani, ambaye kwa ajili ya kazi ya darasani alijaribu kurudia matokeo ya wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff ya mwaka 2010 kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Matokeo hayo yalikuwa yamenukuliwa sana na watetezi wa kubana matumizi ya serikali. Herndon aligundua kwamba fomula moja katika lahajedwali la Excel iliziacha nje nchi tano, na mwaka 2013 yeye pamoja na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walionyesha kwamba wastani wa ukuaji wa nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, baada ya kurekebisha kosa hilo pamoja na kasoro za uteuzi wa data na namna ya kupima uzito wa kila nchi, ulikuwa asilimia 2.2, wala haukuwa chini ya sifuri kwa asilimia 0.1 kama ilivyodaiwa. Mwanafunzi anayesoma kisa hiki akiwa na jedwali lake mbele yake, likiwa limegoma kulingana na lililochapishwa, huacha kudhani kwamba daima yeye ndiye aliyekosea.

Somo la pili lenye uzito lilihusu ulinganisho. Sera ikiwekwa na hali ikabadilika, bado haijathibitika kwamba sera ndiyo iliyoibadilisha. Lazima pawepo kundi linaloonyesha yale ambayo yangetokea bila sera hiyo. Tulisoma kwa kina utafiti wa wanauchumi David Card na Alan Krueger uliochapishwa mwaka 1994, uliotazama mikahawa ya vyakula vya haraka baada ya jimbo la New Jersey, Marekani, kupandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa mwezi Aprili 1992, huku mikahawa ya mashariki mwa jimbo jirani la Pennsylvania, ambako kima hakikubadilika, ikitumika kama kipimo. Hawakuona ushahidi kwamba ajira zilipungua. Nilipenda kwamba hatukuachwa hapo: tulisoma pia wakosoaji waliotumia rekodi za mishahara na kufikia hitimisho tofauti, kisha tukatakiwa kueleza kwa maandishi chanzo cha tofauti hizo.

Uandishi wa muhtasari wa sera ulifunzwa vizuri, ingawa kwa haraka mno. Kurasa mbili, pendekezo likiwa juu, na kila kitenzi kikipimwa. Neno "husababisha" lilifutwa mara nyingi na mahali pake pakawekwa "huhusiana na".

Kasoro zipo, na baadhi ni kubwa. Kibali cha kutumia data kilichelewa, na kwa kuwa likizo ni fupi, watarajali kadhaa waliondoka kabla ya uchambuzi wao kukamilika, jambo ambalo taasisi ingeweza kuliepuka kwa kuomba vibali mapema. Mikutano na watunga sera ilikuwa ya watafiti waandamizi tu. Usimamizi pia haukuwa sawa: mimi nilikuwa na msimamizi aliyesoma kila ukurasa, wakati wenzangu waliopangiwa watafiti wenye safari nyingi walibaki wakisubiri majibu. Lililoniuma zaidi ni posho, ambayo haikutosha kodi na nauli. Taasisi inayochunguza umaskini na kisha kupokea tu wanafunzi ambao familia zao zinaweza kuwagharimia inajinyima wale ambao wangegundua mapema zaidi kwamba swali fulani la dodoso haliendani na maisha ya anayeulizwa.

Ningempendekezea utarajali huu mwanafunzi mwenye subira ya kukaa na data na aliyekwisha kupata msingi wa takwimu, hasa uchanganuzi wa rejea, yaani mbinu ya kupima jinsi jambo moja linavyohusiana na mengine. Anayetafuta kuzoeana na wanasiasa aende kwenye ofisi za wabunge. Kabla ya kukubali nafasi, na aulize ni nani atakayemsimamia na mara ngapi watakutana, kama data zimeshapatikana, na kama jina lake litatajwa katika ripoti. Swali hilo la mwisho mimi nililiuliza mwanzoni, likajibiwa kwa maandishi, na ripoti ilipotoka jina langu lilikuwemo miongoni mwa waliochangia.