Thunderbird na maonyo ya cheti: uzoefu wangu katika ofisi za Mwanza

Thunderbird ndiyo programu ya barua pepe ninayoitumia kila siku, na ndiyo ninayoifunga kwenye kompyuta za ofisi ndogo ninazozihudumia hapa Mwanza: wanaosafirisha minofu ya sangara, wanunuzi wa mabondo (vibofu vya hewa vya samaki), mawakala wa forodha, wauza vipuri vya injini za boti. Ni ya bure, inakaa kwenye Windows na Linux sawasawa, na haizidiwi na kisanduku cha barua chenye miaka ya ankara ndani yake. Lalamiko linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni lile dirisha linalochomoza ghafla, lenye kichwa "Add Security Exception", linalotaka ukubali cheti cha seva, yaani kitambulisho cha kidijitali ambacho kompyuta inayohifadhi barua zako hujitambulisha nacho. Wengi hulibofya lipite wakaendelea na kazi. Kwangu mimi dirisha hilo ndilo sifa kubwa ya programu hii, kwa sababu karibu kila linapotokea kuna kitu kibovu kweli mahali fulani, na kinatibika.

Kila Thunderbird inapoiendea seva kwa njia iliyofungwa kwa siri (mlango 993 kwa IMAP na 995 kwa POP3, njia mbili za kupokea barua, 465 au 587 kwa kutuma), seva hutoa cheti chake. Programu inakagua mambo matatu. Jina lililo kwenye cheti ndilo jina la seva ulilojaza? Tarehe ya leo imo ndani ya muda wa cheti? Aliyekitia saini anaaminika? Moja likigoma, dirisha linatokea na sababu imeandikwa humohumo: "Wrong Site" ni jina kutolingana, "Outdated Information" ni tarehe, "Unknown Identity" ni mtia saini asiyejulikana. Maneno hayo ndiyo ya kusoma kabla ya kugusa kitu. Mtu akinipigia simu kwamba barua hazifunguki, swali langu la kwanza ni lipi kati ya hayo matatu analiona.

Kuna jambo moja silipendi kabisa. Kisanduku cha "Permanently store this exception" kinakuja kikiwa tayari na tiki, hivyo mwenye haraka akibofya kukubali, ruhusa inahifadhiwa moja kwa moja. Isitoshe, ruhusa hiyo ni ya cheti kilekile kimoja tu. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo seva nyingi za bei nafuu hutumia, hudumu siku 90, na kwa kawaida seva huvihuisha zikiwa zimebaki siku kama 30. Kwa hiyo baada ya miezi miwili hivi cheti kipya kinakuja, ruhusa ya zamani haikihusu, na dirisha linarudi. Katibu muhtasi anabofya tena. Mwaka ukiisha mkono wake umeshazoea, na siku mtu mbaya akijipenyeza kati ya kompyuta na seva kwa cheti chake bandia, atabofyewa vilevile na nywila itamfikia. Biashara ya minofu na mabondo inaendeshwa kwa barua pepe: ankara, hati za mzigo, namba ya akaunti ya benki, vyote vinapita humo. Aliyepata nywila hana haja ya kuvunja kitu. Anakaa kimya ndani ya kisanduku, anasubiri ankara kubwa, anabadilisha namba ya akaunti. Kwa hiyo dirisha hilo likitokea, bofya "Cancel". Barua zitasubiri kwenye seva, hazipotei.

Kabla ya kufungua mipangilio yoyote, tafuta kwanza tatizo limekaa wapi. Fungua akaunti ileile kwenye simu kwa kutumia bando, Waifai ikiwa imezimwa. Simu nayo ikitoa onyo, tatizo ni seva au jina ulilojaza. Simu ikiwa shwari, iunganishe kompyuta kwenye hotispoti ya simu hiyo. Onyo likipotea, mtandao wa ofisi ndio wenye neno. Likibaki, ni kompyuta yenyewe. Jaribio hili huchukua dakika chache tu na huokoa saa nzima za kubahatisha.

Ikiwa ni kompyuta moja na sababu iliyoandikwa ni tarehe, tazama saa pembeni ya skrini, mwaka pamoja na siku. Kompyuta za mezani za mtumba zina ugonjwa huu sana. Betri ya saa kwenye bodi, ile bapa ya duara aina ya CR2032 ya volti 3, hufanya kazi pale tu umeme unapokuwa haufiki kabisa kwenye mashine; ofisi inayozima swichi ya ukutani kila jioni, na umeme wenyewe unaokatika mchana, huimaliza mapema. Ikiisha, kila ukiwasha kompyuta inarudi mwaka ilipotengenezwa, na cheti cha leo kinaonekana hakijaanza kutumika. Dalili ya kuthibitisha: tovuti nazo zinagoma kwenye kivinjari. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha sukuma kikamata cha betri pembeni iruke. Weka mpya upande wa alama ya kujumlisha ukiwa juu. Ukiwa na mita, ipime kabla ya kuiweka: nzima inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Washa, rekebisha tarehe kwenye BIOS (mipangilio ya bodi inayofunguka kabla ya Windows), halafu ndani ya Windows chagua ukanda wa UTC+03:00 Nairobi, ambao ndio wetu, na ubofye "Sync now". Kurekebisha saa bila kubadilisha betri ni kazi ya siku moja. Kesho asubuhi onyo limerudi.

Jina kutolingana ndiko kunakosumbua ofisi zenye domeni yao. Ofisi inalipia domeni ya .co.tz, barua zinakaa kwenye seva inayogawanywa na wateja wengi, na aliyefunga akaunti amejaza mail. ikifuatiwa na jina la kampuni. Seva inajibu kwa cheti chenye jina la mwenye seva. Bofya "View" usome majina yote yaliyomo. Cheti cha nyota, kwa mfano *.kampuni.co.tz, kinahusu ngazi moja tu: mail.kampuni.co.tz imo, lakini mail.mwanza.kampuni.co.tz haimo, na kampuni.co.tz tupu nayo haimo mpaka iandikwe peke yake.

Dawa ya haraka ni kujaza jina la seva lile lililo kwenye cheti, baada ya kuthibitisha na mtoa huduma kwamba kweli ni lake. Hapa watu husahau nusu ya kazi. Jina la seva ya kupokea liko "Server Settings" chini ya akaunti. La kutuma liko peke yake, mwisho kabisa wa orodha ya kushoto, "Outgoing Server (SMTP)". Ukibadilisha la kwanza tu, barua zitaingia vizuri na kutuma kutagoma, halafu lawama ziende kwa mtandao.

Dawa ya kudumu iko kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia seva ya kukodi: ingia "SSL/TLS Status", weka tiki kwenye jina la mail, bofya "Run AutoSSL". Ikigoma, mara nyingi ni kwa sababu tovuti imehamishiwa kwingine na rekodi za DNS (daftari la mtandao linaloelekeza kila jina kwenye seva yake) zikachanganywa, hivyo mtoa cheti akija kuhakiki jina anafika kwenye seva isiyohusika. Elekeza rekodi ya mail kwenye anwani ya seva ya barua, subiri DNS isambae, rudia. Nimekutana na mtoa huduma aliyewaambia wateja wake wakubali tu onyo kwa kuwa ni la kawaida. Jibu hilo halifai. Cheti cha bure kinawekwa kwa dakika, na ukimwambia hivyo kwa maandishi mara nyingi kitawekwa.

"Unknown Identity" ina vyanzo viwili vikubwa. Bofya "View", tazama aliyetoa cheti. Ukiona jina la programu ya kuzuia virusi uliyofunga mwenyewe, basi hiyo ndiyo inayokatiza barua njiani ili izikague, kisha inazifunga upya kwa cheti chake. Mtia saini wake amewekwa kwenye hazina ya Windows, yaani orodha ya watia saini inaowaamini, lakini Thunderbird ina hazina yake yenyewe na huenda isimjui. Mimi huzima ukaguzi wa barua zilizofungwa ndani ya programu hiyo ya virusi. Viambatisho bado vitakaguliwa vikihifadhiwa kwenye diski. Asiyetaka kuzima aende kwenye mhariri wa mipangilio ("Config Editor") wa Thunderbird, aweke security.enterprise_roots.enabled kuwa true, na Thunderbird itakubali waliomo kwenye hazina ya Windows.

Chanzo cha pili ni uzee wa programu. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi (kile cha juu kabisa kinachothibitisha vingine) kilichokuwa kikiibeba Let's Encrypt kiliisha muda, na mashine zisizojua mzizi mpya, ISRG Root X1, zikaanza kulalamika. Hapa Thunderbird inaishinda Outlook, programu ya barua ya Microsoft, waziwazi. Kwa kuwa hazina yake iko ndani yake, kuisasisha yenyewe kunatosha hata kama Windows haijaguswa kwa miaka, wakati Outlook inategemea hazina ya Windows. Kwa Windows 7, toleo la mwisho linalofunga ni 115. Zaidi ya hapo ni kubadilisha Windows, na kwa kompyuta inayoshika ankara za nje sioni sababu ya kusubiri.

Waifai ya wageni ya hoteli nayo huleta onyo, kwa sababu inajibu kwa niaba ya kila seva mpaka uingie kwenye ukurasa wake. Fungua kivinjari, ingia, rudi kwenye barua. Onyo likiendelea baada ya hapo, tumia bando lako.

Chanzo kikishatibiwa, futa ruhusa zote zilizokusanywa huko nyuma: "Settings", kisha "Privacy & Security", shuka mpaka "Certificates", fungua "Manage Certificates", ukurasa wa "Servers", chagua kila mstari, "Delete", zima programu na uiwashe. Kazi ikiwa sahihi, barua zitafunguka bila kuulizwa lolote.

Wanaobaki na Outlook wataona dirisha tofauti, lenye mistari mitatu yenye alama ya kijani au nyekundu kwa mambo yaleyale matatu, na hapo ni rahisi kusoma kuliko Thunderbird. Ila Outlook ina onyo moja la kwake: ofisi inayotumia Microsoft 365 (huduma ya barua ya Microsoft) huku tovuti yake ikikaa kwenye seva ya bei nafuu. Ikitafuta mipangilio, Outlook huigonga kampuni.co.tz yenyewe kabla ya autodiscover.kampuni.co.tz, na seva ya tovuti inajibu kwa cheti kisicho na jina hilo. Weka cheti halali kwenye tovuti, na kwenye DNS weka CNAME (rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jina jingine) ya autodiscover ielekee autodiscover.outlook.com. Usipoweza kuigusa tovuti, kwenye rejista ya Windows, chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\AutoDiscover, ongeza DWORD (thamani ya namba) iitwayo ExcludeHttpsRootDomain yenye thamani 1, kisha funga Outlook na uifungue upya.